MEZANI KWA KARANI: Ufunguo Usio na Fundi



Juma lililopita niliahidi kuwaandikia habari za vitabu vya ubatizo na mchwa. Niwieni radhi, mchwa wangoje kidogo. Leo nina jambo la haraka zaidi, nalo ni kosa langu mwenyewe. Kosa likifichwa huzaa wenzake. Likisemwa, huenda likamsaidia mwingine.

Wengi wenu mwajua kwamba ofisi ya parokia yetu ina kompyuta moja, na kwamba mtu mwenye mtoto au ndugu wa mbali huweza kuja Jumamosi, akasomewa barua pepe yake na kuandikiwa majibu. Yuko mwenye mwana Ujerumani, yuko mwenye binti Omani, yuko mwenye mdogo wake seminarini. Simu zipo, ndiyo. Lakini simu hupokewa mbele za watu, na maneno yake hupita. Barua hukaa, nayo husomwa mara ya pili.

Basi mwaka 2022 kijana mmoja wa kigango chetu, anayesoma uuguzi Ujerumani, alituomba tutumie barua zilizofungwa. Alisema hivi: "Sanduku la barua la ofisi hufunguliwa na watu wanne. Habari za mama yangu nataka zisomwe na mmoja tu, yule anayemsomea." Nikaona ana haki. Programu tunayoitumia kwa barua yaitwa Thunderbird, nayo tangu mwaka 2020 ina vyombo vya kufungia barua ndani yake yenyewe. Nikatengeneza funguo, mambo yakaenda vizuri, nami nikajiona fundi.

Mwanzo wa mwaka 2024, wakati wa mvua, radi ilipiga. Diski ya kompyuta ikafa. Fundi wa mjini akaitazama, akatikisa kichwa. Tukanunua diski nyingine. Nilipoiweka programu upya, barua zote zikarudi, maana zilikuwa zimehifadhiwa pia katika kompyuta kubwa za kampuni inayotutunzia sanduku letu. Nikashangilia. Kisha nikafungua barua ya kwanza iliyofungwa. Kompyuta ikanijibu kwamba ufunguo wa siri wa kuifungulia haupo.

Jumamosi ile mama yake yule kijana akaja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto ameandika?"

Alikuwa ameandika. Jina lake nililiona, tarehe niliiona, hata ukubwa wa barua niliuona. Maneno yenyewe sikuyaona. Nikampigia simu, imezimwa. Kesho yake, imezimwa. Mama yule alirudi ofisini siku tano, akakaa kwenye benchi, asiniulize neno, ananitazama tu. Siku ya kumi na moja kijana akapiga simu mwenyewe. Alikuwa amelazwa hospitali, amepasuliwa tumbo, naye anaendelea vema. Hayo yote alikuwa ameyaeleza katika barua ile, siku mbili kabla, ili mama yake asije akaogopa.

Labda utasema radi ndiyo yenye kosa. La. Radi iliua diski, nayo diski hununuliwa. Ufunguo ulipotea kwa sababu niliuweka mahali pamoja tu.

Kumfungia mchukuzi si kumtukana

Sisi watu wa Tabora habari za barua na wachukuzi si ngeni kwetu. Njia ile ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Mpwapwa na Ugogo, kufika Unyanyembe na kuendelea hata Ujiji, ilipitisha pembe na watumwa, na mizigo mingi mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Ilipitisha na barua. Mfuko wa barua za Dk. Livingstone, ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870, ulicheleweshwa pwani, kisha ukakwama hapa Unyanyembe. Na mwaka 1871 vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu vikaifunga njia. Stanley aliukuta mfuko huo huku kwetu, akauchukua, akampa mwenyewe mkononi huko Ujiji, karibu mwaka mzima baadaye.

Mwaka 1872 watu hao wawili walikaa pamoja katika tembe la Kwihara, karibu na mji wetu, mahali ambapo leo pana makumbusho. Stanley alipoondoka mwezi wa Machi kurudi pwani, Livingstone alimkabidhi kitabu chake cha kumbukumbu kimefungwa kwa lakiri, na agizo kwamba kisifunguliwe. Tazama jambo hilo. Stanley alikuwa rafiki, mtu aliyemletea chakula na dawa. Hata hivyo kitabu kilifungwa, wala Stanley hakukasirika. Alikichukua hivyo hivyo kilivyofungwa.

Nasema haya kwa sababu wako wanaonung'unika kwamba kufunga barua ni kumshuku karani, au padri, au kampuni ya barua. Sivyo. Mchukuzi mwema hufurahi kubeba mzigo uliofungwa, maana siku siri ikitoka, hakuna atakayemtazama yeye.

Barua pepe isiyofungwa yaweza kusomwa na wale wanaotunza kompyuta za kampuni inapohifadhiwa, na mtu yeyote mwenye neno la kuingilia katika sanduku la ofisi. Nayo yapo mambo ambayo hapana mtu apendaye yasomwe hovyo: ugonjwa, deni, ugomvi wa shamba, posa iliyokataliwa. Hata serikali imeliona hilo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yawataka wanaoshika habari za watu wazitunze kwa usalama.

Kufuli na ufunguo wake

Lakini wazee wetu walikuwa na shida moja. Ukitaka kupeleka sanduku lililofungwa kwa kufuli, na mwenzako wa Ujiji alifungue, budi umpelekee ufunguo. Nani ataupeleka? Msafara ule ule. Basi ni kama hukufunga.

Shida hiyo ilikaa hata mwaka 1976, Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walipotangaza njia ya kutenganisha vitu viwili: kimoja cha kufungia, kingine cha kufungulia. Mwaka 1991 Mmarekani mwingine, Phil Zimmermann, akatoa programu iitwayo PGP, iliyowapa watu wa kawaida uwezo wa kufunga barua zao. Thunderbird hufuata kanuni zilizotokana na kazi hiyo, ziitwazo OpenPGP.

Wataalamu huviita vitu hivyo viwili "ufunguo wa wazi" na "ufunguo wa siri". Mimi niliposoma mara ya kwanza nilichanganyikiwa. Kwa hiyo hapa nitauita ule wa wazi kufuli. Fikiri juu ya kufuli la dukani, lile ambalo ukilibana tu linajifunga, hata kama huna ufunguo wake. Unanunua makufuli mia yanayofunguliwa na ufunguo mmoja. Unawagawia rafiki zako makufuli hayo yakiwa wazi, na ufunguo unabaki nao wewe. Rafiki akitaka kukuandikia, hutia barua sandukuni, hubana kufuli lako, hutuma. Tangu hapo hata yeye mwenyewe hawezi kufungua kufuli hilo. Wewe peke yako waweza.

Kufuli si siri; mpe umtakaye. Ufunguo usimpe mtu. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya somo, nami niliijua vizuri.

Nusu ya pili ndiyo sikuijua. Ukipoteza ufunguo wa nyumba, unamwita fundi, anavunja kitasa. Ufunguo huu hauna fundi. Waliotengeneza Thunderbird hawawezi kukufungulia. Kampuni ya barua haiwezi. Polisi hawawezi. Uimara uleule unaomzuia mwizi unakuzuia na wewe. Kwa hiyo mwenye ufunguo wa namna hii amejipa kazi ya kuutunza, na kazi hiyo hapana mtu wa kumsaidia akiisha kuchelewa.

Mambo matano ya kufanya

Haya ndiyo ninayoyafanya sasa. Nayaandika kwa makarani wenzangu, walimu, na vijana wenye kompyuta, ambao najua husoma ukurasa huu kwa mlango wa nyuma.

Kwanza, nakala. Siku ile ile unapotengeneza ufunguo, usinywe hata chai kabla hujafanya nakala. Katika Thunderbird ipo sehemu ya kusimamia funguo. Humo utaona njia ya kuhifadhi ufunguo wa siri katika faili. Programu itakuomba neno la siri la kulifungia faili hilo. Weka faili katika flashi mbili. Moja ikae katika kasha la chuma la parokia, nyingine katika nyumba nyingine kabisa, maana moto hauchagui. Neno la siri la faili liandike katika karatasi, ulitie katika bahasha, wala usiliweke pamoja na flashi. Akiba haiozi. Kisha jaribu kuirudisha nakala hiyo katika kompyuta nyingine unayoiamini, uone kama yafanya kazi, halafu uifute humo. Nakala isiyojaribiwa ni kama mbegu usiyojua kama itaota.

Pili, neno kuu la programu. Usipoliweka, mtu akiiba kompyuta yako ameiba na ufunguo, na barua zako atazisoma akiwa amekaa kitini. Thunderbird hukuruhusu kuweka neno kuu linaloulizwa kila programu inapofunguliwa. Usitumie jina la mtoto wako wala tarehe ya arusi. Chukua maneno matano au sita yasiyohusiana, kama vile mtu anavyoona vitu njiani akienda mnadani, uyapange utakavyokumbuka.

Tatu, hakikisha kufuli ni la nani. Mtu mbaya aweza kukuletea kufuli lake akasema, "Hili ni la ndugu yako." Ukifunga nalo, atakayefungua ni yeye. Kila kufuli lina alama yake, kama alama ya kidole cha mtu, nayo ni herufi na tarakimu 40. Mpigie ndugu yako simu, usikie sauti unayoijua, asome alama yake taratibu nawe ufuate kwa macho. Zikipatana zote, ndipo uiambie programu kwamba umehakikisha. Kazi hiyo ni ya dakika tatu, nayo hufanywa mara moja.

Nne, siku ya mwisho. Kufuli huwa na muda wake. Thunderbird usipoibadilisha huweka miaka 3. Muda ukikaribia kwisha, waweza kuuongeza, lakini budi uwapelekee tena rafiki zako lile kufuli lililoongezwa muda, la sivyo programu zao zitakataa kulitumia. Na hata ukitengeneza ufunguo mpya, usiutupe ule wa zamani. Barua za zamani hufunguliwa na ufunguo wa zamani.

Tano, hati ya kubatilisha. Hili liliniumiza. Ufunguo wangu ulipokufa, watu waliokuwa na kufuli langu hawakujua. Waliendelea kufungia barua kwa kufuli ambalo hapana mtu duniani awezaye kulifungua. Ipo hati ndogo ya kuwatangazia kwamba kufuli fulani lisitumike tena. Thunderbird huiandaa siku unapotengeneza ufunguo, lakini huiweka katika kompyuta ile ile. Yangu ilikufa pamoja na diski. Ilinibidi niwapigie watu simu mmoja mmoja, na wengine namba zao zilikuwa zimebadilika. Basi hati hiyo nayo itolewe, ihifadhiwe pamoja na nakala. Lakini itunze vizuri, maana atakayeipata aweza kuliua kufuli lako zima.

Juu ya hayo matano, kumbuka kwamba kufuli hufunga yaliyomo, halifungi bahasha. Majina ya mwandikaji na mwandikiwa, na siku ya barua, hubaki wazi. Kwa hiyo aliye hatarini kwa sababu tu ameonekana kumwandikia mtu fulani, hili halitamfaa.

Kuna swali jingine: je, karani akifa, au akihamishwa? Sheria ya Kanisa ina mfano mzuri. Kanuni ya 490 yasema ufunguo wa hifadhi ya siri ya jimbo awe nao Askofu peke yake. Lakini kanuni hiyo hiyo yafikiri pia juu ya siku ambayo jimbo halina Askofu, yasema nani aweza kuifungua, tena kwa haja ya kweli tu. Siri na urithi vimepangwa pamoja. Nami nimefanya vivyo hivyo: bahasha yangu imefungwa, imetiwa mhuri, iko kwa Baba Paroko, na juu yake imeandikwa ifunguliwe lini na kwa sababu gani.

Kwako usiye na kompyuta

Msomaji wangu wa kijijini, usiseme haya hayakuhusu. Barua yako hupita katika kompyuta ya mtu: ya parokia, ya shule, ya duka la kuchapisha mjini, au ya mpwa wako. Huna haja ya kujua kuitumia. Unayo haki ya kuuliza. Muulize anayekuandikia: Nani mwingine aweza kuifungua barua yangu? Kompyuta hii ikifa leo, barua yangu itasomeka kesho? Nakala ya ufunguo iko wapi, na nani alijaribu kama yafanya kazi? Na wewe ukiondoka, nani atanisomea? Akikasirika kwa maswali hayo, tafuta mwingine. Akijikuna kichwa kama mimi ningalijikuna mwaka 2023, mpe ukurasa huu.

Nilisema barua zilizofungwa zimo bado katika kompyuta. Yule kijana wa Ujerumani alikuwa na nakala za barua zake, akazituma tena kwa kufuli jipya, na mama yake amesomewa. Deni lile limelipwa.

Lakini yuko mzee mmoja. Binti yake alikuwa akifanya kazi ng'ambo, naye alifariki huko mwishoni mwa mwaka 2023. Aliandika barua nne katika ugonjwa wake. Mbili nilimsomea baba yake. Mbili zilifika wakati mzee hakuweza kuja kwa sababu ya mguu, nami nikasema zingoje mpaka apone, nitamsomea zote pamoja, hakuna haraka. Radi ikatangulia. Kompyuta ya binti haijulikani ilipokwenda.

Nilikwenda kwa mzee kwa baiskeli, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Lakini zimo?" Nikamjibu, "Zimo, Baba. Hazifunguki." Akasema, "Basi usizifute."

Sijazifuta. Kila ninapofungua sanduku naziona, jina na tarehe. Ewe karani mwenzangu, ewe mwalimu, ewe kijana uliyeaminiwa barua za wazee: nakala ile ingenichukua robo saa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwa mchwa.

Wenu katika Kristu,
Karani